Wimbi la Pili

Kazi yangu inawachekesha majirani hapa Kamina: natafuta nyufa ndani ya mawe ya chokaa yaliyo chini ya bahari ya mbali, maana mafuta hujificha humo. Mawe yenyewe sijawahi kuyaona. Naletewa kwa mtandao rekodi za mitetemo iliyopita ndani yake, nami nazisoma peke yangu katika nyumba ya reli aliyoniachia baba. Mtetemo ukikuta nyufa hugawanyika: wimbi moja hufuata nyufa na kutangulia, la pili huzikata na kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakonionyesha nyufa.

Zamani mama akisikia filimbi ya treni, aliweka maji ya bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa, ili baba akishuka akute chakula cha moto. Tangu mke wangu apande treni ya Lubumbashi, filimbi ikilia naweka maji ya watu wawili. Jana ilikuwa treni ya mizigo tu. Mama jirani akachungulia: “Papa, uko unangoya nani?” Nikamwambia aangalie sufuria yake, nikafunga mlango.

Kupima kuchelewa nakujua sana. Ila hakupimiki mpaka wimbi la pili lifike.