Mgongo wa Babu Ukutani

Babu alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu: asichorwe uso.

"Chora mgongo," aliniambia. "Uso niachie mwenyewe. Siku ya kiyama utaambiwa umtie roho huyo uliyemchora, nawe roho ya kumpa hata panya huna."

Basi nikamchora mgongo. Upande wa mama, huko milimani, ni Waanglikana, na kila Krismasi walinitaka nichore kila mtu na pua yake ilivyo. Upande wa baba, huku bondeni karibu na Tindiga, ni Waislamu, na kuchora kulikuwa jambo la kujadiliana kwanza.

Miaka ile baada ya Uhuru nilipanga chumba Mabwerebwere, pale Kilosa mjini, nikichora kadi za sikukuu kwa mkono. Watu walinisimulia vituko vya nyumbani kwao, nami nikavichora: mama mkwe akimfukuza paka na mwiko, watoto wakigombea kichwa cha kuku. Walicheka, wakazipeleka kwa ndugu zao. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya karatasi.

Kila Idd kubwa ikikaribia, Bibi alikandika upya ukuta wa mbele kwa udongo mweupe, nami nikaja kuchora vituko vya familia vya mwaka ule. Mkaa, majivu, udongo mwekundu, bluu ya kufulia, na kijiti nilichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi. Sikukuu iliyofuata alikandika tena, na vya mwaka uliotangulia vikafunikwa. Hakuna aliyesikitika. Vituko havikuwahi kutuishia.

Mwaka wa mwisho wa Babu, mbuzi wa kuchinjwa alikata kamba akamgeukia. Babu, mtu wa heshima zake, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeogopwa na watoto wote, alizungushwa uani mbele ya wakwe. Ningeachaje? Nilimchora anakimbia, mgongo kwetu, mkono mmoja umeshika msuli kiunoni usimvuke, kofia iko hewani, mbuzi nyuma yake. Nilimwelekeza mlangoni. Mlango ule wa mninga aliuchonga mwenyewe, nao ulikuwa kuliani mwa picha. Hatua moja zaidi na angekuwa ndani. Alipoiona alicheka mpaka akakohoa. Kabla ya masika tukamzika.

Idd iliyofuata nilimkuta Bibi amekaa, ukuta haujaguswa.

"Shikamoo Bibi. Udongo uko wapi?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Udongo wa nini? Unataka nimzike mume wetu mara ya pili?"

Sikuchora kitu. Akawa kila asubuhi, akimaliza kufagia, anauambia ule mgongo, "Ingia basi, uji unapoa." Tulimwacha. Nani angemkataza?

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Sitasema kila kitu kilikuwa kibaya. Shule tuliipata, na zahanati tuliipata. Lakini siku ile nilikasirika, na hasira yenyewe ninayo hadi leo. Lori lilikuja tukiwa bado tunavuna mpunga. Wanaume wa ukoo waling'oa nguzo za baraza, wakaung'oa na mlango, maana nani angeacha mlango wa mninga? Bibi akaenda kuukalia ukuta, mgongo wake kwenye mgongo wa Babu, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo Bibi," alisema kijana aliyekuja na lori. "Inuka tafadhali, gari haliwezi kungoja."

"Marahaba, mwanangu. Nenda nalo salama."

Yule kijana akamvuta baba pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kitakachobaki kitachomwa moto. Baba alisimama ameshika kichwa. Nikachuchumaa mbele ya Bibi.

"Nitamchora tena huko, Bibi. Vilevile."

"Vilevile?"

"Vilevile."

"Ahadi ni deni, mke mwenza," akasema, akanyoosha mkono nimwinue.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara iendayo Mikumi, nyumba zimepangwa kama watoto mstarini shuleni. Hata mahali pa kuweka mlango tulionyeshwa. Tulijenga, tukaupachika mlango wa Babu, tukamkaribisha Bibi. Alilala ndani, ila jiko hakuligusa. Alisema yeye ni mgeni, na mgeni haombwi kupika. Mwenye nyumba, yaani Babu, akija, ndipo atakapompikia. Akawa anakonda. Zaidi ya mara moja baba alimkuta barabarani, kitenge begani, anaelekea Tindiga kwa miguu, mzee wa watu. Tuliogopa siku moja hatutamkuta. Mimi nilijua hatatulia mpaka nitimize ahadi, lakini ukuta ulikuwa mbichi na ilinibidi kusubiri ukauke.

Idd kubwa ilipokaribia, Bibi mwenyewe alichota udongo akakandika. Baba alinitumia salamu mjini kwa furaha kana kwamba kazaliwa mtoto. Nilikuja, nikaanza kuchora asubuhi. Mkono wangu haukuwa umesahau kitu: msuli, ufa wa kisigino, kofia hewani, mbuzi na ndevu zake. Watoto wa jirani walicheka, nami nikacheka nao. Nilipomaliza nilimwita Bibi.

Alikuja akasimama mbele ya ukuta. Nikarudi nyuma nikasimama naye, nikaangalia kutoka alipokuwa, ndipo nikaona. Katika nyumba hii mpya mlango ulikuwa kushotoni. Nilikuwa nimemchora Babu vilevile, kama nilivyoahidi, naye alikuwa ameuacha mlango nyuma yake, anakimbilia pembe ya nyumba, kule kwenye barabara ya kurudi Tindiga.

"Bibi, nitafuta," nilisema. Nilikuwa nimeshaanza kulia. "Nakandika sasa hivi, nachora upya, ageukie huku."

"Acha."

Aliigusa ile kofia kwa kidole, taratibu, asiharibu.

"Anarudi kwetu," alisema. Kisha akageuka akautazama mlango wa mninga, uliokuwa wazi. "Anarudi, na mlango tumeuchukua sisi."