Maji ya Kumkanda Mama

Juzi fundi aliyekuja kunifungia hita alinieleza kuwa volti zikishuka nusu, joto hubaki robo, hata hita iwe na wati nyingi namna gani. Nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni kwetu Majimoto. Mama alikuwa ametoka kujifungua, akarudi bila mtoto. Shangazi alichomeka hita kwenye ndoo ili apate maji ya kumkanda. Nje mashine za kukoboa mpunga zilinguruma, pumba zikanuka hadi ndani, na taa ikafifia ikawa nyekundu. Sikujua kuwa mashine ndizo zilizovuta umeme. Niligusa maji, yalikuwa vuguvugu tu.

"Mama, maji yanajua kuwa mtoto hayupo?"

"Yanajua, mwanangu," Mama alisema, kisha akamgeukia shangazi. "Wifi, yalete hivyo hivyo."