Herufi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani amesimama kizimbani akiwa amebana midomo, kama anavyobana akishika pini, na vidole vyake vinalainisha ukingo wa mbao taratibu kana kwamba ni kitambaa. Dada yake anavitazama kutoka benchi la nyuma. Vidole hivyo ndivyo vilivyoshika chupa iliyomtoboa mumewe jicho, siku fundi alipolewa chakari. Vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na sauti zinamfikia dada kwa mbali, kama zimepita majini. Tangu siku ile kaka yake husema, “Si mimi, dada. Pombe ilimpiga,” kwa sauti ileile laini anayotumia kuwaambia wateja, “Imebaki vifungo tu.” Wakili amemwambia ashikilie hapohapo, apunguziwe kifungo, na sasa hivi amerudia hivyohivyo mbele ya hakimu.

“Na hiyo pombe, nani alikunywesha?” hakimu anauliza.

Vidole vinatulia. “Nilikunywa mwenyewe, mheshimiwa.”

“Basi nani alimpiga?”

Midomo inafunguka polepole, kama inaachia pini ya mwisho. “Nilimpiga.”

Dada anafumba macho. Herufi moja tu imeongezeka mbele ya “ilimpiga”, nyembamba kama sindano, nayo itamchukulia kaka yake miaka. Kando yake mumewe, ambaye hajamtazama shemeji yake tangu siku ile, anageuza uso wote ili jicho lililobaki limfikie.