Kishikwambi cha Fundi Boti

Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, shida iliingia nyumbani kwetu Ujiji. Baba alikuwa mpagazi bandarini Kigoma. Magunia yalimporomokea mgongoni, akalala kitandani miezi minane, akafariki. Nilikuwa darasa la pili. Asubuhi moja mama aliniambia nisivae sare, nikaelewa. Wiki hiyohiyo nilikabidhiwa kwa fundi boti wa ufukweni. Kazi yangu ilikuwa kuloweka pamba kwenye mawese na kuwapelekea wakubwa, wao waishindilie kwenye maungio ya mbao ili maji yasipite. Miaka mitatu nilinuka mawese. Mshahara wangu ulikuwa ugali na dagaa.

Natanguliza haya ili nikisema leo naandika barua zangu mwenyewe, kwa mashine yangu mwenyewe, mtu asidhani kuna chuo kilichonifundisha. Kusoma nilijifunzia ubavuni mwa boti. Kila boti huandikwa jina, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo la rangi. Herufi nilizijua kwa ukubwa wa mkono kabla sijazijua kwenye karatasi.

Nimeunda boti za mbao kwa zaidi ya miaka hamsini. Zamani mteja alikuja, tukasema urefu, tukasema mbao, tukashikana mikono. Siku hizi wanakuja vikundi. Kikundi kina mwenyekiti, kina katibu, kina ofisi inayowasimamia, na ofisi haishikani mikono na mtu. Inataka maandishi. Mwanzoni nilimtegemea binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi ofisini mjini Kigoma. Mimi nasimulia, yeye anaandika. Lakini nikisema boti itabeba watu kumi na wawili na nyavu zao, asipande wa kumi na tatu, yeye anaandika maneno marefu ya heshima hadi mwenyewe sijui nimeahidi nini. Nikaamua kununua mashine yangu.

Binti alisema ninunue laptopu. Nikaenda dukani, nikaipima mkononi, nikaifungua. Nikamuuliza muuzaji unga wa mbao ukiingia kwenye vitufe hivi unatokaje. Akasema hautakiwi uingie. Nikamrudishia. Kando yake kulikuwa na kishikwambi, kile ambacho watu wengi tulikiona mara ya kwanza mikononi mwa makarani wa sensa. Kilikuwa na kava la ngozi bandia lenye kibodi ndani yake. Ukilifungua, kioo kinasimama na vitufe vinalala mbele, kama laptopu. Ukitaka, unang'oa kioo, vitufe vinabaki. Laini ya simu inaingia humohumo. Chaji inakaa kutwa nzima. Nikasema hiki ndicho.

Binti alipokiona alicheka. "Baba, hicho ni cha watoto kuangalia katuni. Kazi za ofisi zinataka laptopu."

"Ofisi yangu ina mchanga," nilimjibu.

Barua ya kwanza ilinichukua siku mbili. Kidole changu cha shahada cha kushoto kiliondoka nusu na msumeno, kwa hiyo naandika na vidole viwili vya kulia na gumba. Mara nyingine kibodi kinakataa tu, nakichomoa, nakifuta, nakipachika upya, kinakubali. Nilipokwenda kuchapisha, dada wa stesheneri aliniomba flashi. Kishikwambi hakina tundu la flashi. Akataka kunirudisha nyumbani. Nikamwambia anipe namba ya simu ya duka, nikamtumia barua hapohapo, karatasi ikatoka. Nilimpelekea binti nakala. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba wake. Hakutaja laptopu tena.

Lakini kilichonifunga na kifaa hiki ni picha. Napiga picha ubao, halafu naandika juu yake kwa kidole: huu wa kulia chini, huu una fundo, huu urudi. Vijana wangu watatu wa kazi wanaangalia na hawaulizi mara mbili. Nikaanza kupiga picha kila boti inayotoka mkononi mwangu, na zile za zamani nikazifuata zilipo, Katonga, Kibirizi, popote. Nikajaza boti zangu zote mle ndani, nzuri na mbaya. Hapo ndipo nilipokosea, au ndipo nilipopata. Sijui niite lipi.

Mwaka jana kikundi cha wavuvi wa Ilagala kilitangaza kwamba kinataka boti tatu. Nilipeleka barua yangu, niliyoiandika mwenyewe kuanzia salamu hadi jina. Tukaitwa watu wawili kujieleza mbele ya wanachama: mimi, na jamaa mmoja wa mjini anayeuza boti za faiba. Niseme wazi kilichokuwa hatarini. Kwa miezi saba sikuwa nimepata boti mpya, nilikuwa nazibaziba boti za watu tu. Wavuvi walikuwa wameanza kusema mbao ni mambo ya wazee. Ilagala wakichukua faiba, wengine wa ufukwe wote wangefuata, na mimi ningefunga kiwanja changu nikiwa hai, nikiangalia. Hilo sikulitaka.

Mkutano ulikuwa asubuhi, kwenye darasa la shule. Wanachama walikuwa kama thelathini. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kutosha, mwenye boti yake mwenyewe. Nilipoingia niliwasalimu kwa Kiha, "Mwakeye", wakaitika, wadogo wakanipa shikamoo, nikakaa mbele.

Jamaa wa faiba alianza. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, msafi, hana ubaya. Aliweka laptopu yake mezani akaigeuzia watu. Picha zake zilikuwa nzuri, boti nyeupe zinang'aa. Lakini waliokaa nyuma walisimama, waliosimama wakawaziba waliokaa, na mtu mmoja akauliza kama ile boti ni nyeupe au ni mwanga wa dirisha. Akaombwa aisogeze. Akaisogeza na waya wake.

Zamu yangu ilipofika sikuweka kitu mezani. Nilisimamisha kishikwambi kwenye kava lake, nikawasomea barua yangu kama nilivyoiandika. Kisha nikakichomoa kwenye kibodi, kikabaki kioo kitupu chepesi kama sahani, nikampa mtu wa kwanza kwenye benchi.

"Zungusheni," nikasema. "Ukitaka picha inayofuata, sukuma kwa kidole. Ukitaka kuona karibu, tanua kwa vidole viwili, hivi."

Nilijisikia mtu mkubwa. Watu hawakuangalia picha za boti za mbali, waliangalia boti wanazozijua. Huyu anasema hii ya shemeji yangu, yule anasema hii nimeivulia misimu miwili. Wakaanza kutaniana. Mmoja aliona boti aliyowahi kuizamisha kwa kulewa, akarushiwa maneno hadi akafunika uso. Kishikwambi kilipita benchi hadi benchi, na mimi nilikuwa nimefumbata mikono mgongoni kama mkaguzi. Jamaa wa faiba alifunga laptopu yake taratibu.

Kikafika kwa mzee mmoja wa nyuma, mvuvi mstaafu, rika langu. Aliangalia bila haraka. Akasukuma, akasukuma, akapita pale nilipotaka watu waishie. Sikuwa nimewaza hilo. Laptopu unaishika mwenyewe, unaonyesha unachotaka. Hiki nilikuwa nimewapa watu mkononi, na kidole cha mtu hakijui mwisho wa maonyesho yako.

"Fundi," akaniita. "Hii si ile ya yule bwana wa Katonga? Iliyogonga jiwe?"

Nilijua ni picha gani kabla sijaiona. Miaka miwili nyuma nilimuundia mtu wa Katonga boti, na mwezi wa tatu tangu aichukue ubao wa chini ulipasuka akiwa majini. Hakufa mtu. Walirudi wakichota maji kwa ndoo, nyavu zikabaki ziwani. Nilikwenda kuiangalia, nikapiga picha ufa, nikamwambia mwenye boti kuwa amegonga jiwe. Pale Katonga mawe yapo, akaamini. Nikambadilishia ubao kwa gharama zake. Maneno ya jiwe yalitembea ufukwe mzima, hata Ilagala yalifika.

Ningeweza kusema ndiyo, ndiyo hiyo. Neno moja tu. Lakini yule mzee alikuwa tayari ameweka vidole viwili juu ya kioo na kutanua, kama nilivyofundisha. Akatanua tena. Akamwonyesha jirani yake.

"Jiwe likigonga linachubua," akasema polepole, hakuwa ananishtaki, alikuwa anaangalia tu. "Mbona hapa rangi haijachubuka hata kidogo? Ufa umefuata nyuzi za ubao."

Jamaa wa faiba akaniangalia, na mwenyekiti akaniangalia. Mimi nikaangalia mikono yangu. Nilikuwa na barua nzuri mezani yenye jina langu chini, na jina hilo ndilo lililokuwa linaulizwa.

"Hakuna jiwe," nikasema. "Ubao ulikuwa mbichi. Ulikuwa na wiki tano tangu upasuliwe, na mimi nataka miezi sita. Mwenye boti alikuwa na haraka na mimi nilikuwa nataka kazi. Nilipigilia nikijua. Jiwe nililitunga mimi."

Kisha jamaa wa faiba akasema, kwa sauti ya adabu, kwamba faiba haina ubichi wala ukavu. Alikuwa na haki ya kusema. Mimi nikamjibu kuwa ni kweli, na kwamba mbao kavu nazo hazina shida hiyo, na boti nyingine zote walizoziona mle ndani zinavua hadi leo. Nikakaa. Sikuomba radhi pale, maana niliyemkosea hakuwamo darasani.

Walitutoa nje, sote wawili. Tulikaa kwenye ngazi ya darasa. Jamaa aliniuliza kwa nini niliiweka ile picha wakati ningeweza kuifuta kwa kidole kimoja. Nikamwambia niliiweka ili niwaonyeshe vijana wangu ubao mbichi unavyofanya. Akatikisa kichwa. Akasema yeye angefuta.

Tulipoitwa, mwenyekiti alisema wanachama wametaka mbao, kwa sababu boti ya mbao wanaweza kuitengeneza wenyewe hukohuko kwao. Lakini hawanipi boti tatu. Wananipa moja kwanza. Na wana sharti: kila ubao upigwe picha siku unapopasuliwa, upigwe tena siku unapopigiliwa, na picha zote zitumwe kwao. Kishikwambi chenyewe kinaandika tarehe, hakuna wa kubishana nacho.

Nilikasirika, sifichi. Niliwaambia nimefanya kazi hii zaidi ya miaka hamsini na hakuna mtu aliyewahi kunisimamia kama kibarua.

"Mzee wangu," mama mwenyekiti akasema, "wewe hatukusimamii. Tunasimamia mbao."

Nilikaa na neno hilo. Kisha nikampa mkono.

Siku ya pili nilikwenda Katonga kabla hata ya kupumzika, nikamtafuta mwenye boti. Nikamwambia ukweli, mbele ya watu wake, maana jiwe nalo nililisema mbele ya watu wake. Alinitukana vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kiha, na mimi nikasikiliza hadi akamaliza. Nikamrudishia gharama ya ule ubao, nikampa nyavu nyingine badala ya zile zilizobaki ziwani. Boti yake naiangalia kila mwezi bila malipo. Bado hanisalimii kwa furaha, ila ananisalimia.

Boti ya kwanza ya Ilagala niliianza kwa mbao nilizokuwa nazo chini ya paa, zilizokaa miezi minane, na picha za siku zilipopasuliwa nilikuwa nazo tayari. Kila ubao nilipiga picha, nikaandika juu yake kwa kidole, nikatuma. Mara mbili walinirudishia swali. Mara moja walikuwa na haki, ubao ulikuwa na fundo, nikautoa. Vijana wangu walianza kunong'ona kuwa wazee wa Ilagala wamehamia kiwanjani. Nikawaambia waache kunong'ona, waendelee kuranda.

Boti imeshushwa majini. Mwenyekiti aliingia ndani mwenyewe akapapasa sakafu yote kwa kiganja, akainua mkono wake mkavu akawaonyesha wenzake. Wamenipa ya pili na ya tatu. Sharti la picha limebaki palepale, na sasa mteja yeyote anayekuja, wa kikundi au wa peke yake, nampa sharti hilo mimi kabla hajanipa yeye. Asiyetaka picha naye simtaki.

Leo nina miaka inayokaribia sabini. Nina nyumba ya tofali za kuchoma Ujiji, vyumba vitano, bati jipya. Nina kiwanja cha kuundia boti na paa la kukaushia mbao. Nina mbao za boti mbili, kavu. Nina msumeno wa mashine mmoja, randa tatu, tezo nne, moja ni ya yule fundi aliyenifundisha. Nina michikichi ishirini na mitatu. Nina boti moja ya kuvulia, na mashine yake. Nina kishikwambi kimoja na kibodi chake, herufi ya A imefutika. Sidaiwi ubao.