Maziwa ya Bihogo na Moto

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu juu ya Kemondo kulikuwa na amri moja ambayo hata baba hakuthubutu kuivunja: maziwa ya ng'ombe wetu hayaendi motoni. Unaweza kuyanywa yakiwa na joto la kiwele, unaweza kuyagandisha kwenye kibuyu, unaweza kuyasukasuka upate siagi. Kuyachemsha, hapana. Bibi alisema maziwa yanabaki kuwa ya ng'ombe hata yakishafika ndani ya kikombe chako, na ukiyaweka motoni yeye anaungua kiwele huko huko bandani aliko.

Leo mimi ni afisa mifugo. Nazunguka vijiji vya Muleba kwa pikipiki, kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma, na wazee wananiita Bwana Mifugo ingawa wanaona kabisa kwamba mimi ni mwanamke, si bwana wa mtu. Watu hudhani msomi kama mimi naicheka amri ya Bibi. Siicheki hata kidogo.

Ng'ombe wetu aliitwa Bihogo kwa sababu ya rangi yake ya udongo mwekundu. Alikuwa mmoja tu, lakini kwetu ng'ombe mmoja alitosha, kwa sababu samadi yake ndiyo iliyolisha kibanja, na kibanja, yaani ile migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, ndicho kilichotulisha sisi. Kwa desturi kukamua ni kazi ya wanaume. Babu alikuwa amekufa, na baba alishinda bandarini Kemondo akipakia mizigo, anarudi nyumbani Jumamosi. Kwa hiyo Bibi alikamua mwenyewe, na hakuna jirani aliyekuwa na ubavu wa kumwambia kitu.

Mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka baada ya kunizaa mimi, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tano, nyumba nzima ikitembea kwa kunyata. Alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, na viungo vilimuuma hata akashindwa kukaa chini kumenya ndizi. Dawa za malaria alizinywa mpaka akazichoka. Bibi alimpenda sana mama, hilo lazima niliseme mapema, na dawa yake ilikuwa kikombe cha bati kilichojaa maziwa ya Bihogo kila asubuhi. Kazi ya kukitoa bandani na kukifikisha kitandani kwa mama ilikuwa yangu. Nilitaka mdogo wangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimeshamchagulia hata pa kulala.

Siku moja mchana akaja bwana mifugo wa enzi hizo, mwanamume mwembamba mwenye baiskeli. Bibi alimkaribisha ndani, akamketisha juu ya nyasi mbichi tulizotandaza sakafuni, akamtolea kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za kumkaribishia mgeni. Mgeni akatafuna taratibu, kisha akasema kilichomleta.

"Bibi, waitu, hapo kwa jirani ng'ombe wawili wametupa mimba. Kuna ugonjwa. Nitarudi kuchukua damu ya huyu wenu. Kwa sasa maziwa yachemsheni, hasa ya huyu mama mjamzito. Yachemke mpaka yapande."

"Asante, waitu," Bibi akajibu, akimrudishia neno lile lile la heshima la Kihaya. "Asante sana."

Akamsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni, akaniambia kwa Kihaya kwamba yule kijana amelelewa vizuri lakini hajui ng'ombe. Bwana mifugo hakurudi. Tulisikia kwamba amehamishwa.

Mimi nilikuwa na kiherehere cha kuzaliwa nacho. Maneno "hasa ya huyu mama mjamzito" yaliniingia yakakataa kutoka. Kesho yake nilipopewa kikombe, nilisubiri Bibi ainame kuzoa samadi, nikapitia jikoni. Nilikuwa nimeficha kisufuria nyuma ya kuni. Nikayachemsha maziwa mpaka yakapanda, nikayarudisha kikombeni, nikayapooza kwa kuyapuliza, nikampelekea mama. Alikunywa. Utando ulimganda juu ya mdomo, akaufuta kwa kidole, akakitazama kile kidole.

Nilifanya hivyo wiki tatu. Maziwa yangu mwenyewe niliendelea kuyanywa mabichi, maana haikunijia kabisa kwamba na mimi naweza kuugua. Nilimwona mama anapata nafuu. Pengine ilikuwa nafuu kweli, pengine ni jicho langu tu, lakini siku moja alikaa chini akamenya ndizi hadi kikapu kikajaa, nami nikajiona daktari.

Kisha siku moja nikachelewa kukitoa kisufuria. Maziwa yalipanda yakamwagika motoni. Mlio wake nausikia mpaka leo, na harufu ile ya maziwa yanayoungua ilijaa jikoni ikatoka nje kupitia kwenye nyasi za paa. Bibi alikuwa kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Nilirundika majivu juu ya moto kwa mikono miwili, nikiomba Mungu upepo uende upande mwingine. Bihogo akalia bandani, mara moja, sauti ndefu. Ng'ombe hulia kila siku, najua. Ila siku ile nilihisi analia kwa sababu yangu.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, tulimkuta ametupa mimba. Ilikuwa ya miezi saba. Ndama alikuwa amekamilika, manyoya yameanza, kwato laini na za rangi ya njano, na Bihogo alikuwa akimlamba kana kwamba ataamka. Bibi alimsogeza Bihogo pembeni. Kisha akainama, akambeba ndama kwa mikono mitupu, akampeleka kibanjani na kumzika chini ya mgomba ulio karibu na banda. Aliporudi, damu ilikuwa imemfika viwikoni.

"Koku," akaniita. "Kuna mtu ameweka maziwa motoni hapa nyumbani?"

"Hapana, Bibi."

Alinitazama mpaka nikasikia masikio yananiwaka moto. Hakuuliza tena, wala siku ile, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Bihogo alilamba pale alipolala ndama siku mbili. Nilikuwa nikienda shule nikiwa nimeziba masikio nisimsikie akilia, na watoto wenzangu wakanicheka. Nilijua kilichotokea kwa uhakika ambao sijawahi kuupata tena katika jambo lolote, hata kwenye mitihani: nilikuwa nimemchoma ng'ombe tumboni. Bibi alikuwa amesema, na ikawa kama alivyosema. Kwa hiyo, asubuhi iliyofuata, kikombe kilipojaa, nilipita mbele ya jiko bila kugeuza shingo. Nikampelekea mama maziwa mabichi.

Mama alitazama ndani ya kikombe. Akanitazama mimi. Akanywa.

Nikaendelea kukipeleka hivyo hivyo, asubuhi baada ya asubuhi. Homa ikarudi. Wiki ya nne nilitoka shule mchana nikakuta nyasi za sakafuni zimezolewa zote, wanawake wamejaa, na wanaume wanne wanaondoka na mama kwenye machela kuelekea barabara kuu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume, na Bibi alimzika mwenyewe kibanjani, upande wa juu, mbali na banda.

Jioni hiyo alikuja kukaa na mimi jikoni. Aliyasogeza makaa, kisha akasema bila hasira:

"Bihogo alipoteza wake. Na sisi tumepoteza wetu."

Basi. Sijui alimaanisha nini. Wakati ule nilielewa jambo moja tu, kwamba ng'ombe amekuja kuchukua mtoto badala ya ndama, na aliyemwonyesha njia ni mimi. Baba alimwondoa Bihogo kabla mwaka haujaisha. Mgomba ule wa karibu na banda ukanenepa kupita yote, ukazaa mikungu ambayo watu walisimama kuitazama. Sikuwahi kula ndizi yake. Nilisema tumbo linaniuma, nikalala njaa, na kwa miaka mingi nilipopita pale nilipita mbio. Machipukizi yake yapo hadi leo, yamesogea hatua chache tu kuelekea dirisha la chumba nilichokuwa nikilala.

Nilipokwenda chuo cha mifugo, sikuwa nimemwambia mtu. Siku moja mwalimu alikuwa akitufundisha kuhusu ugonjwa wa kutupa mimba. Alisema ng'ombe hutupa mimba ikiwa imekua, mwezi wa sita, wa saba. Alisema ugonjwa humpata binadamu kwa kushika kilichotupwa au kwa kunywa maziwa mabichi, na kwamba humletea homa ya kuja na kuondoka na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Alisema mama mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Nikaiweka kalamu chini. Nikamfikiria Bibi, magoti yake yaliyovimba mpaka akafa akitembea kwa fimbo, na ile damu iliyomfika viwikoni. Kisha nikacheka kwa sauti, darasa zima likageuka. Sikumuua ndama! Bihogo alikuwa mgonjwa tangu kabla sijakigusa kisufuria.

Furaha ile ilinifikisha nusu ya njia ya kwenda bwenini. Pale ndipo nusu ya pili ya jambo iliponifikia, nikakaa chini kwenye majani. Kuchemsha hakukumdhuru mtu. Nililokosea ni kuacha.

Hakuna aliyepima damu ya Bihogo wala ya mama. Kama afisa nikiletewa habari hii leo ningesema haina ushahidi, mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana, na ni kweli, na hainisaidii.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, tukakaa na mama kumenya ndizi, naye sasa ni mzee, vidole vyake vimepinda. Sijui kilichonisukuma. Nikamweleza yote, kisufuria, moto, uongo niliomwambia Bibi. Hakuacha kumenya.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Maziwa yaliyochemka yana utando."

"Na nilipoacha?"

"Nilijua pia, mwanangu."

"Mawe!" nikamaka kwa Kihaya. "Mbona hukusema?"

Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia majini, akaokota nyingine. "Ningesema, Bibi angejua ni wewe. Na mimi mwenyewe niliogopa. Nilimwona yule ndama. Nikasema moyoni, basi, nitakunywa mabichi, Bihogo apone."

Tuliendelea kumenya mpaka kikapu kikaisha. Alikuwa amekinywa kile kikombe kila asubuhi akijua kilichomo na kisichokuwamo, ili ng'ombe apone na mimi nisigombezwe. Nilitaka kulia mbele yake nikashindwa. Nililia baadaye, kwenye pikipiki, na nikalazimika kusimama.

Wiki iliyopita nilikuwa Kimwani. Ng'ombe mmoja ametupa mimba, na ndani ya nyumba kuna mkwe mwenye tumbo kubwa. Bibi wa nyumba akanikaribisha, akanitolea kahawa ya kutafuna. Nikamwambia wachemshe maziwa. "Asante, waitu," akasema. "Asante sana." Ninaifahamu ile asante.

Zamani ningefunga kisanduku changu nikaondoka. Nikamwomba sufuria. Akanitazama, nami nikamwambia kwamba Bibi yangu alikuwa na amri kama yake, na kwamba sitamwacha peke yake na jambo hili. Tukakaa jikoni sisi watatu, yeye, mkwe wake na mimi, tukiyangoja maziwa. Yalipopanda nikayaepua kabla hayajamwagika. Nikanywa kikombe cha kwanza, kisha nikampa yule binti, nikamwonyesha utando. Nikamwambia kwa sauti, mama mkwe wake akisikia, kwamba siku atakayoletewa kikombe kisicho na utando asinyamaze.

Akaitikia. Kisha sote watatu tukanyamaza, na nilijua tunafanya nini, kwa maana hata mimi, na elimu yangu yote, nilikuwa nimetega sikio upande wa bandani.