Leso Mbele ya Mizani

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, siku bibi yangu mzaa mama alipoambiwa mbele za watu apande mizani kama gunia la mbata. Kila nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, mpaka mwaulizana kama nimeanza kuzeeka vibaya. Hapana, akili ninazo. Nacheka kwa sababu yalitufika, tukatoka salama, na mtoto akazaliwa.

Nakwambia leo kwa sababu juzi ulirudi kutoka uwanja wa ndege uso umeukunja, chai hutaki, salamu hujibu. Ati umevuliwa viatu. Ati umeambiwa utoe mshipi, unyanyue mikono, na askari akakupapasa mifuko kana kwamba wewe ni mwizi. Kesho kutwa wasafiri tena, na leo hii ushaanza kununa. Basi kaa hapa. Mshipi ni kitu gani? Mimi nimeona bwana mzima akivuliwa suruali.

Miaka ile bendera yetu ilikuwa haijapanda bado. Tulikuwa tukikaa huku huku Timbwani, nami ni msichana wa kuposwa, najiona mzuri kupita kiasi. Bibi yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa mkunga. Ukipita hapa mtaani na kuulizia, watu wengi wa rika langu walipokewa na mikono yake. Lakini binti yake mwenyewe, mama mdogo Rukia, aliolewa Unguja. Mara mbili Rukia alishika mimba, mara mbili Bibi alipanda meli kwenda kumzalisha, na mara zote mbili alifika amechelewa, mtoto ameshazikwa. Bibi hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini kila Rukia alipotajwa aliinuka na kutafuta kazi ya kufanya.

Mimba ya tatu ilipoingia mwezi wake, ikaja telegramu: uchungu waelekea kuanza mapema, Bibi aje upesi. Wajomba zangu wakakaa wakashauriana, wakasema safari hii hakuna meli. Ataenda kwa ndege, nami nifuatane naye. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo na haikuruka kila siku. Ukiikosa hiyo, ungoje siku kadhaa, na siku kadhaa Rukia hakuwa nazo.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mwana Esha, Mungu amrehemu. Mwana Esha hajapata kupanda ndege hata siku moja, lakini hakuna jambo asilolijua. Akaja jioni, akajikalia juu ya kitanda cha Bibi, akatoa somo.

"Mizigo hupimwa, Bi Mwanaidi. Ikizidi, waachishwa pale pale. Lakini mtu hapimwi. Nani ampime mtu? Basi wewe kila kitu jivalie mwilini, buibui lako juu, upite zako!"

Na Bibi, kwa akili zake zote, akamsikiliza! Asubuhi alijifunga kopo la samli kiunoni, chupa mbili za asali, mifuko ya bizari na madawa ya mzazi, tende, na kashata za ufuta za kumpoza Rukia. Akajizungushia leso doti kwa doti ili visilie. Mwanamke mwembamba yule, alitoka chumbani amekuwa duara. Kwenye feri ya Likoni alisimama wima muda wote, kwa sababu kukaa hakuwezi. Mimi nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Uwanja wa Port Reitz wakati huo ulikuwa jengo dogo tu, na wasindikizaji waliingia mpaka ndani. Lakini foleni ilikuwapo, usidhani foleni imezaliwa na nyinyi. Kwanza karani wa tikiti. Halafu bwana wa afya, akuangalie kadi ya chanjo. Halafu mtu wa forodha, akufungue sanduku, akupekue, akupige alama ya chaki juu ya kifuniko. Nyuma yetu alisimama bwana mmoja mnene, amevaa koti jeusi na tarbushi, jasho lamtiririka, na kila foleni ikisita yuwasonya. "Hawa watu wa Likoni leo watatulaza hapa," akasema, kwa sauti ya kusudi tumsikie.

Tukafika mwisho wa mstari. Pale pameketi karani kijana wa Kisauni, jina lake Katana, na mbele yake mizani kubwa ya kusimama, ile yenye sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Tafadhali panda hapa."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mizani, mama. Ndege ni ndogo. Kila abiria hupimwa pamoja na mizigo yake."

Bibi alinigeukia, polepole, na kwa macho yale nilijua kwamba Bibi akirudi nyumbani, Mwana Esha atakiona cha moto.

"Mimi si gunia la mbata," Bibi akamwambia Katana. "Nimeolewa kwa heshima, nimezaa, nimezika mume. Hajatokea mwanamume wa kunipima."

"Si mimi, mama. Ndiyo kanuni. Rubani hawezi kuruka kama hajui amebeba nini."

"Basi asiruke!"

Watu wakaguna. Yule bwana mnene akapaza sauti: "Mama, panda au kaa kando, wenzio twasafiri!" Mzungu mmoja akachungulia mlangoni, akaigonga saa yake ya mkononi kwa kidole, akaondoka. Ndege twaiona dirishani, ngazi ishawekwa.

Bibi akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Akaninong'oneza: "Nikiyafungua haya mbele ya wanaume, nitapita vipi Timbwani? Na nisipopanda, Rukia atazaa peke yake mara ya tatu."

Wallahi nilitamani ardhi itufunike mimi na yeye pamoja.

Kando yetu alikuwapo mama mmoja wa Kigiriama, Mama Kadzo, aliyekuja kumsindikiza mumewe. Mumewe alikuwa mpishi, yuwaenda kuanza kazi Unguja. Hatumjui, wala yeye hatujui. Mama yule hakuuliza kitu. Aliitoa leso yake mabegani, akaikunjua, akanipa ncha moja. "Shika huko, mwanangu. Juu kidogo. Juu." Ikawa haitoshi kuzunguka. Mama wa Kihindi aliyekuwa mbele yetu, ambaye tangu asubuhi hajasema neno na mtu, akatoa shali yake akashika upande uliobaki, bangili zake zikilia. Mara pakawa na chumba, mwanangu! Chumba cha nguo, na Bibi yuko ndani yake na mizani.

Katana naye akageuza kiti akatazama ukuta. "Wewe umesoma?" akaniuliza. Nikamwambia nimesoma. "Basi nisomee sindano. Lakini usinidanganye, kwa sababu ndege haidanganyiki."

Vitu vikaanza kutoka. Kopo la samli. Chupa ya asali. Chupa nyingine. Mifuko. Leso, leso, leso. Nilikuwa nikivipokea kwa mkono mmoja na kuvipanga sakafuni, na rundo lakua. Ilipotoka kashata ya kwanza, Mama Kadzo alishindwa kujizuia, akacheka. Bibi akamtazama. Halafu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akijibana tangu alfajiri, na leso yote ikatikisika.

Uzito ulizidi, bila shaka. Ikabidi tupunguze. Bibi hakusita: samli, asali na dawa za mzazi zaenda, mengine yabaki. Kashata na tende akampa Mama Kadzo awapelekee watoto. Leso zake nzuri akamwachia mjomba aliyetusindikiza. Mimi nikaacha viatu vyangu vipya vya kisigino, nilivyokusudia kurandia Unguja. Viliniuma roho, sikufichi.

Sasa ikafika zamu ya yule bwana wa kusonya. Alipanda mizani kwa madaha, na sindano ikakimbia mpaka karibu na mwisho. Katana akaitazama sindano, akamtazama bwana, akamtazama tena chini kwenye miguu.

"Bwana, samahani. Umevaa nguo ngapi?"

Bwana akalishika koti lake. Jasho tiriri.

Kumbe naye alikuwa na Mwana Esha wake! Suruali tatu, mwanangu. Tatu, moja juu ya nyingine, na makoti mawili, na mifukoni sitaji. Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikapiga na makofi, kwa sababu ilikuwa tamu kumwona vile baada ya kutusonya njia nzima. Nikahisi nimefinywa mkono, finyo la kuzunguka lile, la mkunga.

"Wacheka nini? Leso iko wapi?"

"Bibi, si huyu ndiye aliyetusonya?"

"Nimeuliza leso iko wapi. Sikuuliza nani katusonya."

Akaichukua leso mwenyewe mikononi mwa Mama Kadzo, akawapa yule mpishi na mwanamume mwenzake. "Shikeni, wanangu. Juu." Sisi wanawake akatugeuza tukatazama ukuta, na vicheko vyote vikazimika, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Tulimsikia bwana akihangaika nyuma ya leso na vifungo vyake, na baadaye tukasikia sauti ndogo, sauti tofauti kabisa na ile ya kwanza: "Ahsante, mama. Mungu akusitiri."

Tukaruka. Ya angani sikusimulii, nilifumba macho mpaka tukatua.

Unguja hakuna aliyetupokea. Mume wa Rukia alikuwa hawezi kubanduka mlangoni kwa mkewe, na sisi hatukulijua hilo. Tukasimama juani, gari za kukodi hatuzioni, Bibi amekumbatia kopo lake la samli. Mara bwana wetu akatokea. Na suruali moja, amependeza kweli.

"Mama, mwaelekea wapi?"

"Mtaa wa Ng'ambo, baba. Binti yangu ana uchungu."

Hakuuliza la pili. Gari yake ilikuwa yamngoja, akatupakia, akamwambia dereva asisimame popote. Tulipofika, tulimsikia Rukia tangu uchochoroni. Mtoto alikuwa anakuja ametanguliza miguu, na wanawake waliokuwa naye wameshaanza kusoma Yasini. Bibi aliingia na buibui lake mwilini, akasema bismillahi, akakunja mikono ya nguo. Mimi nilibaki nje na yule bwana, ambaye naye hakuondoka. Amesimama ukutani na tarbushi yake mkononi, hajui aende wapi. Jua lilipokuwa linazama tukasikia kilio cha mtoto. Bwana mzima akajifuta machozi kwa mkono wa koti.

Ndiye Zuhura huyo, ambaye nyote mwamwita Mama Mkubwa ijapokuwa ni mdogo wangu. Alitoka mkubwa wa kutisha. Bibi alimwinua, akampima kwa mkono, akasema: "Huyu angepita Port Reitz, angeachwa." Na Rukia, vile alivyokuwa amechoka, akacheka. Baada ya maziko yale mawili, Rukia alikuwa amecheka.

Jina la yule bwana hatukuuliza, kwa shughuli ile. Mpaka leo tukisoma dua ya familia, Bwana wa Suruali Tatu yumo, na Mama Kadzo yumo, na mama wa bangili, na Katana. Na tuliporudi Timbwani, Mwana Esha alikuja mbio. "Si nilikwambieni?" Bibi akamtazama sana, akampa karafuu alizomletea, akasema, "Ulituambia." Basi.

Sasa nisikilize, uache hiyo simu. Ukitaka kujua habari ya njia, muulize aliyeipita, si aliyesikia. Ondoka mapema, kwa sababu aliyechelewa hana adabu hata akiwa nayo. Askari msalimu kabla hajakusemesha, naye ni mtoto wa watu, ameamka usiku kama wewe. Ulicho nacho kiweke wazi mezani. Na siku hizi si zile: mzigo wa mtu usiubebe, hata akulilie machozi ya damu. Lakini leso mshikie. Wajua nasema nini. Ukimwona mama mtu mzima hajui aweke wapi mkoba wake, au mzee suruali yamvuka kwa kutolewa mshipi, na watu nyuma wasonya, wewe sogea, simama katikati yake na macho ya watu, mpaka ajitengeneze. Hata kama ni yeye aliyekusonya. Bibi hakujua kwamba yule bwana ana gari. Angekuwa hana hata baiskeli, leso angeshikiwa vile vile.

Haya, inama nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango, akupitishe kwenye kila mizani bila fedheha, akuwekee watu wa kukusitiri pale ambapo mimi sipo, na akujaalie wewe uwe mmoja wao. Wende salama, urudi salama.

Na suruali, mwanangu, vaa moja tu.