Mashini ya Kahawa ya Mukabaranga

Mama Mukabaranga alikuwa ameshatoa kinu chake nyumbani. Alimupa jirani yake Léontine, mbele ya wamama wote waliotoka misa, akasema: "Beba, dada. Mie kutwanga kumeisha. Niko na mashini."

Ilikuwa mashini ya kusaga kahawa: sanduku ya mbao ya kupakata, mukono wa chuma juu, na kasanduku kadogo chini kanapoangukia unga. Muzungu mumoja wa shamba la pareto, pale juu ya Kitshanga, aliporudi kwao Ulaya mwaka wa 1953, alimuachia Makuza, bwana ya Mukabaranga, aliyekuwa akimupelekea maziwa kila asubuhi. Kwa kilima kizima haikuwako ingine.

Na leo njo siku yenyewe! Nzabonimpa wa Rubaya alikuwa anakuja kumuombea mutoto wake wa kiume uchumba wa Emérence, binti ya nyumba. Nzabonimpa alipikia mapadri miaka kumi na mbili, kahawa anaijua. Mukabaranga alikuwa amemutumia neno: "Kwangu utakunywa kahawa ya mashini, laini kama ya mapadri." Na neno likishatoka kinywani, haliwezi kurudi tumboni.

Kahawa ilikuwa imekaangwa, inanukia mpaka barabarani. Akapakata mashini, akazungusha. Kre, kre, kik! Ikakwama.

"Iko na kiu," akasema. "Chuma kinataka mafuta."

Akachota siagi ya ng'ombe, ile anayopakaa ngozi na kila kitu kikavu cha nyumba, akapakaa meno ya mashini vizuri sana, kama alivyofanya kila juma. Akazungusha tena. Mukono haukusogea hata kidogo.

"Mama," Emérence akasema polepole, "nikimbie kwa Mama Léontine tuazime kinu?"

"Ukileta kinu humu, mie natoka naenda kulala na ng'ombe!"

"Lakini wageni, Mama..."

"Wageni wako na miguu yao. Rubaya iko mbali."

Haikuwa mbali tena. Kwa kilima cha ng'ambo kofia na fimbo zilikuwa zinashuka, na mutungi wa pombe ya ndizi unayumba kichwani mwa muntu. Moyo wa Mukabaranga ukaruka kama ndama iliyofunguliwa kamba. Akainamia mashini, akanusa ndani.

Eh! Harufu hiyo aliijua. Njo harufu ya kibuyu cha maziwa cha mwanamuke muvivu: siagi ya zamani, imechacha. Mwanamuke wa ng'ombe hamwagi maziwa mapya juu ya siagi ya juzi. Na yeye, Mukabaranga mwenyewe, kila juma alikuwa anaongeza siagi juu ya siagi, unga wa kahawa unagandamana humo kama udongo wa ukuta.

"Lete burushi ya majani, ile ya kusugulia vibuyu! Na kijiti cha mwanzi! Mbio!"

"Na maji ya moto?"

"Maji ya nini? Kutu itamaliza meno yake. Lete mutama mukavu."

Akafungua kichuma kinachoshika mukono, akatoa kipande kimoja kimoja, akavipanga kwa mukeka, kimoja nyuma ya kingine, kama ng'ombe wanaoshuka kunywa maji. Meno akayapasha moto kidogo, siagi ikalainika. Akachokonoa kwa kijiti, akasugua, akapangusa kwa kitambaa. Uchafu mweusi ukatoka, ngumi nzima!

"Hodi, dada!" Ilikuwa Léontine, na kinu kichwani. "Kahawa nasikia harufu yake, lakini mashini sisikii sauti. Nimekuletea mutoto wako, anakulilia."

"Muweke hapo mulangoni," Mukabaranga akasema. Hakuinua hata macho.

Sasa vipande vikarudi mahali pao, kama ng'ombe bomani: cha mwisho kutoka kikaingia kwanza. Akatia mutama, akazungusha. Mutama ukapita muzima muzima, hata punje moja haikupasuka.

Léontine akacheka. "Mashini gani hiyo, iko inahesabu mutama?"

Mukabaranga akakaza kichuma kidogo. Akazungusha. Akakaza tena kidogo. Kre... kre-kre-kre! Unga ukatoka mweusi, halafu wa kahawia, halafu mweupe kabisa. Akawatupia kuku. Akatia kahawa, na mukono ukaenda kama kuchunga ng'ombe kwenye telemuko!

"Emérence! Maji kwa moto! Wako kwa mugomba wa kwanza!"

Wageni walipokaa, Nzabonimpa akanywa. Akatazama ndani ya kikombe. Akanywa tena. Watu wote wakamutazama mudomo.

"Mama," akasema, "ile ya mapadri ilikuwa inakwama kila mwezi. Hii nani anaitunza?"

"Mie."

"Kwa dawa gani?"

"Mutama mukavu. Na siagi isikaribie kabisa."

"Siagi!" Muzee akacheka mpaka akakohoa. "Muntu gani anaweza kutia siagi kwa mashini ya kahawa?"

Emérence akatazama miguu yake.

"Wako wanaotia, Papa," Mukabaranga akasema, amenyoosha shingo. "Kilima hiki kiko na watu wa kila namna."

Halafu akaona Léontine amesimama mulangoni, maana viti vilikuwa vinne tu. Akaenda, akapindua kinu, akakipangusa kwa kitambaa chake.

"Kaa, dada. Asante, umejiletea kiti. Nikumiminie?"

Léontine akakaa. Akanywa vikombe viwili.